Ushauri: Napenda blues, nataka kutangaza, naambiwa haina wasikilizaji

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 23, naishi Sofu hapa Kibaha. Nilimaliza kidato cha nne, sasa naendesha bodaboda. Nikiwa darasa la saba, baba yangu mdogo aliyekuwa utingo wa lori alirudi nyumbani na flashi yenye nyimbo mchanganyiko. Humo kulikuwa na wimbo wa mzee mmoja mwenye sauti nzito, anaimba huku anapiga gitaa na kugonga mguu. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliurudia mpaka betri za redio zikaisha. Nilipokuja kupata simu yangu ndipo nikajua kuwa yule ni John Lee Hooker, na muziki wake unaitwa blues. Tangu hapo sijatoka. Kijiweni wananiita Mzee wa Misiba, eti nyimbo zangu ni za kulia matanga.

Ndoto yangu ni kuwa mtangazaji wa redio. Mwaka jana nilikwenda kwenye kituo kimoja kuomba nafasi ya kujitolea. Meneja wa vipindi alinisikiliza vizuri, lakini nilipotaja blues akacheka. Akasema watu wanataka singeli, Bongo Fleva na mpira. Kama nataka blues basi nijiandae kwa kipindi cha mahaba cha saa nne usiku. Baba naye hataki kusikia habari ya redio. Anasema nikasomee umeme wa majumbani. Anti, niache blues ili nipate redio, au niache redio nibaki na blues yangu? Na baba nimwambie nini?

Mpenda Blues, Sofu, Kibaha

*

Mwanangu, usiache blues, wala usiache redio. Ila mpango ulionao sasa hautakufikisha, na huyo meneja aliyekucheka amekuonyesha ni wapi una kasoro, hata kama hakukusudia.

Jiulize kwa nini alikimbilia kipindi cha mahaba. Mtaani kwetu, ukisema blues, mtu anawaza zile nyimbo za taratibu za mapenzi. Harusini taa zinapunguzwa, bwana na bibi harusi wanashikana viuno, mshereheshaji anaita wengine wajiunge wawili wawili: hiyo ndiyo blues wanayoijua mama lishe wa Maili Moja, kondakta wa daladala ya Mbezi na meneja wako. Ukiingia studio ukamwomba "kipindi cha blues", umemwomba kitu ambacho tayari anacho. Na ukianza kumweleza kuwa blues yako ni nyingine, ya Wamarekani weusi wa Mississippi na Chicago, atakuona unataka kufundisha darasa. Kwa hiyo safari nyingine usiende kuomba kipindi cha blues. Nenda na kipindi chenyewe mkononi, kimeshatengenezwa, akisikie.

Hapa nataka tukae kidogo, maana vijana wengi wenye mapenzi kama yako wanakwama hapahapa. Kuupenda muziki ni jambo moja. Kumfanya mtu asiyeujua aupende ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ya pili ndiyo utangazaji. Wewe mwenyewe hukuvutwa na historia. Hukujua kama Mississippi ni mto, jimbo au mji. Ulivutwa na mguu wa mzee unaogonga. Basi anza na huo mguu.

Kama ni ule wimbo ninaoudhania, Boogie Chillen', Hooker aliurekodi mjini Detroit mwaka 1948. Hakuna ngoma mle, hakuna gitaa la besi, hakuna kikundi cha waitikiaji. Kuna gitaa moja la umeme, sauti moja, na kiatu kinachogonga juu ya ubao uliowekwa makusudi ili maiki iunase mlio. Gitaa halihamihami, karibu wimbo mzima limeng'ang'ania palepale. Kwa sikio la Pwani, ambalo limelelewa na ngoma zinazorudia mdundo mmoja mpaka mtu anapandisha mori, hilo si jambo geni hata chembe. Ukimwambia msikilizaji maneno matatu tu kabla ya kuucheza, "sikiliza mguu wake", umeshamkamata. Kisha nyamaza. Wimbo uishe. Ndipo useme kuwa wakati ule mtu huyu alikuwa mfagizi kiwandani, na mwaka uliofuata wimbo wake ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya muziki wa Wamarekani weusi. Jambo moja kabla, jambo moja baada. Ukizidisha hapo, mwenye redio atabadilisha stesheni, na atakuwa na haki.

Sasa nikuambie habari ya kituo kimoja, ili siku meneja akikuambia tena kuwa blues haina wasikilizaji uwe na la kujibu. Mjini Memphis kulikuwa na redio iitwayo WDIA. Wamiliki wake walikuwa Wazungu, ilianza 1947 ikipiga nyimbo zilezile zilizopigwa na wengine wote, na biashara ikawa inayumba. Mwaka 1948 wakafanya jambo ambalo wenzao waliliogopa: wakampa maiki Nat D. Williams, Mmarekani mweusi, mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, aliyekuwa pia mwandishi wa safu gazetini. Asubuhi alifundisha, alasiri alitangaza. Alizungumza na watu weusi wa Memphis kama mtu wa mtaa wao, kwa sababu ndiko alikotoka. Muda si mrefu kituo kizima kikageukia wasikilizaji hao ambao hakuna redio iliyokuwa ikiwajali, na kufikia 1954 kilikuwa kinarusha matangazo kwa nguvu ya wati 50,000.

Kwenye kituo hichohicho aliingia kijana mmoja aliyekuwa dereva wa trekta shambani, Riley King. Alianza na dakika chache tu za kuimba na kutangaza dawa ya chupa iliyoitwa Pepticon. Baadaye akapewa kipindi chake cha kucheza santuri. Jina alilolitumia hewani, Blues Boy, likafupishwa kuwa B.B., na hilo ndilo jina ambalo dunia nzima ilimjua nalo hadi alipofariki mwaka 2015. Naomba ulishike hili vizuri: B.B. King alikuwa mtangazaji kabla hajawa nyota. Kazi ya kuchagua nyimbo za wenzake kila siku, kuzisikiliza moja moja na kuzisemea, ilimfungua masikio. Alikusanya maelfu ya santuri, na sehemu kubwa aliikabidhi Chuo Kikuu cha Mississippi ili wengine wasome.

Lakini Memphis iko mbali, na wewe utatangazia watu wa Pwani. Kwa hiyo nusu ya kipindi chako itoke nyumbani. Na hapa nina onyo. Usije ukasimama hewani ukasema blues ilitoka Bagamoyo. Nimeshawasikia watu wakisema hivyo kwa nia njema, kwa kuwa Bagamoyo tunaijua kwa misafara ya watumwa. Waliopitishwa pale wengi walipelekwa Zanzibar, Pemba, Oman na Ghuba. Mababu wa waliozaa blues, kwa sehemu kubwa, walichukuliwa Afrika Magharibi na ya kati upande wa Atlantiki. Yapo mengi yanayofanana kati ya muziki wao na wetu, yaseme. Lakini kufanana si undugu, na mtangazaji anayetia chumvi kwenye historia siku moja atapigiwa simu na mwalimu mmoja kutoka Mlandizi mbele ya wasikilizaji wote.

Una habari za kweli zinazotosha. Chukua hii. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alikuwa akizunguka Kenya na mashine yake ya kurekodi. Kwa Wakipsigis, Bonde la Ufa, akakuta wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, Mzungu wa Mississippi aliyefanya kazi za reli na kuimba blues aliyojifunza kwa weusi, akaichanganya na yodel, yaani kuirusha sauti juu ghafla. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, lakini santuri zake zilivuka bahari na kufika mpaka kwenye vijiji vya Wakipsigis. Wasichana wale waliposikia sauti ikitoka kwenye gramafoni, wakamtungia wimbo wakimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Hebu fikiri: blues ilishafika Afrika Mashariki kwa santuri, ikapewa jina la Kikipsigis na kuimbwa kwa kinubi, miaka mingi kabla ya baba yako mdogo kupewa ile flashi. Weka Blue Yodel ya Rodgers, kisha weka Chemirocha, na katikati uweke maneno yako machache. Hata huyo meneja atasogeza kiti.

Mwaka 1952 Tracey huyohuyo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Katanga, katika mji ambao leo unaitwa Likasi. Tafuta Masanga. Bosco anapiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini utaapa wako watu wawili. Nyimbo zake nyingi ni za Kiswahili cha kule, kwa hiyo msikilizaji wa Sofu ataelewa, kisha atastaajabu. Na miaka 11 kabla yake, mtafiti mwingine, Alan Lomax, alikuwa amefika kwenye shamba la Stovall huko Mississippi akamrekodi kijana aliyeitwa Muddy Waters. Muddy alipojisikia kwenye sahani akaamini kuwa kweli anaweza. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago, akalitia gitaa umeme. Watu wawili wenye magitaa, mmoja Katanga na mmoja Mississippi, wote walinaswa na mtu aliyekuja na mashine. Hicho ni kipindi kizima.

Kisha shuka mpaka kwa Wazaramo, wenyeji wa huko uliko. Mchiriku umezaliwa kwenye ngoma zao, ukabebwa na vinanda vidogo vya Casio na spika za honi, ukaimba maisha magumu ya uswahilini: pango la nyumba, rafiki msaliti, pombe, jela. Kwa miaka mingi redio ziliuona ni wa kihuni, huku Jagwa Music wa Mwananyamala wakiitwa kupiga Ulaya. Ukiniuliza mimi, mchiriku kwa maudhui yake uko karibu na blues kuliko wimbo wowote wa taratibu unaochezwa harusini. Leo singeli imetoka humohumo. Kwa hiyo meneja anayekuambia watu wanataka singeli amekupa mlango: mwonyeshe unavyoweza kutoka kwenye singeli ukarudi kwenye mchiriku ukafika kwa Hooker, bila msikilizaji kushtuka. Yupo pia Leo Mkanyia wa Dar es Salaam, aliyeamua kabisa kuiita bendi yake Swahili Blues Band. Huyo ukimpata studio kwa mahojiano, utaondoka na kipindi cha saa nzima.

Lugha yako iwe hii uliyoniandikia. Tunao watangazaji wanaobadilika sauti wakishika maiki, wanaanza Kiingereza cha puani kama waliozaliwa Brooklyn. Wewe unatangaza muziki wa Wamarekani, kwa hiyo kishawishi kitakuwa kikubwa zaidi. Kishinde. Maneno ya wimbo mweleze msikilizaji kwa Kiswahili, kwa ufupi, kabla haujaanza. Mweleze na namna ulivyojengwa: katika blues nyingi mwimbaji anasema mstari, anaurudia, kisha anautolea jibu, na gitaa linamwitikia kila anapovuta pumzi. Aliyewahi kucheza ngoma yenye mwimbishaji na waitikiaji hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Sasa tuje kwa baba. Hili ndilo nililolifikiria zaidi, na jibu langu huenda usilipende: kasomee umeme.

Nisikilize kwanza. Ali Farka Touré wa Mali, ambaye dunia ilimwita baba wa blues ya Kiafrika, aliposikia John Lee Hooker kwa mara ya kwanza aliona kama anasikia muziki wa kwao. Ni Hooker huyohuyo wako. Kabla ya kujulikana duniani, Ali Farka alifanya kazi ya fundi mitambo Redio Mali, Bamako, katika miaka ya 1970. Akiwa pale alirekodi nyimbo nyingi zilizorushwa hewani. Aliingia redioni kupitia mitambo, na mitambo ikampa studio. Albamu aliyoipiga na Mmarekani Ry Cooder, Talking Timbuktu, ilitoka 1994 na ikapata tuzo ya Grammy.

Redio za mikoani hapa kwetu zina foleni ya vijana wanaotaka maiki. Wanaojua kwa nini spika inanguruma, wanaoweza kufunga waya wa ardhi, kuwasha jenereta na kurudisha matangazo hewani umeme ukikatika, ni wachache. Kijana mwenye cheti cha umeme na masikio ya muziki hapiti kwenye foleni hiyo. Tena anakula. Watangazaji wengi wanaoanza hujitolea kwa miezi mingi bila senti, na wengine hutumiwa mpaka wanachoka. Siku utakayokwenda kujitolea, omba uandikiwe ni kwa muda gani na baada ya hapo kuna nini. Kituo kisichotaka kukuandikia hivyo, usikipe mwaka wako.

Mwambie baba: nimekubali umeme, na ninaomba baraka zako nikimaliza nisome utangazaji. Nina hakika kuna njia ya kuzungumza naye, maana mzazi anayekutafutia ufundi hajakukataa. Hata B.B. King alitimiza wajibu kwanza: mwaka 1946 alilivunja bomba la moshi la trekta la mwajiri wake kwa bahati mbaya, akaogopa, akakimbilia Memphis na gitaa lake. Baada ya miezi kadhaa alirudi shambani, akafanya kazi mpaka akalipa lile deni, ndipo mwaka 1948 akaondoka tena, safari hii kwa uso mkunjufu. Ni safari ya pili iliyompeleka WDIA.

Kuhusu masomo yenyewe, sheria haitakuacha upite hivihivi. Tunayo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwanahabari. Ithibati inatolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Usimsikilize anayekuambia kipaji kinatosha. Vyuo vya habari viko Dar es Salaam, mwendo wa daladala kutoka kwako, na unaweza kuanza na ngazi ya cheti kwa matokeo yako ya kidato cha nne kisha ukapanda kwenye stashahada. Angalia masharti ya udahili kwenye mwongozo wa mwaka husika wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, na hakikisha chuo kina usajili kabla hujalipa hata shilingi. Kwa sasa, ukiwa huna abiria, nenda maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha ukasome. Mtangazaji asiyesoma huishiwa maneno haraka sana.

Na kipindi cha majaribio kianze wiki hii. Simu yako inatosha. Kaa chumbani, funga dirisha, ning'iniza kanga au blanketi nyuma yako ili sauti isigonge ukutani, shika simu ubavuni mwa mdomo wala si mbele yake, ili pumzi isipige. Rekodi dakika 15 tu: Hooker, Chemirocha, Bosco, na mchiriku mmoja. Kisha usiwapelekee wapenda blues wenzako. Wasikilizishe hao wanaokuita Mzee wa Misiba, kijiweni, bila kuwaambia ni nini, na utazame wanapotoa simu zao mfukoni. Hapo walipotoa simu, ndipo ulipozungumza sana. Kata, rudia.

Jambo la mwisho upande wa mitandao. Usipandishe nyimbo kamili za watu ukadhani umeanzisha redio yako. Nyimbo hizo zina wenyewe, na kwetu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kituo chenye leseni hulipia mirabaha, wewe hujalipia. Ukitaka kuweka sauti yako ukielezea muziki, sawa, lakini waulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama unachotaka kukifanya kinahitaji leseni. Kuuliza ni bure, faini si bure.

Namalizia na nyinyi mameneja wa vipindi, najua mnaisoma safu hii. Jumapili usiku wengi wenu mnaacha kompyuta ijipigie nyimbo yenyewe mpaka asubuhi, hakuna mtu studio. Akija kijana wa Sofu na dakika zake 15, msimcheke. Mpeni nusu saa ya hiyo Jumapili kwa miezi mitatu, fungueni laini ya simu, kisha hesabuni wenyewe ni wangapi wamepiga.